Elia, Hivi Ndivyo Chuma Kinavyosukumwa kwa Mkono Mmoja

Kwako Elia, uliyekuwa mume wangu,

Sikuulizi hali. Habari zako ninazo, zinanifikia bila kuzitafuta, kwa sababu watu wa Kibaigwa hawajaacha kunipigia simu na wewe hujaacha kuongea. Nimesikia unavyosimulia huko Singida kwamba nilikuwekea mtego, nikakuaibisha mbele ya watu, nikakunyima kazi kwa chuki. Wanasema ukifika kwenye neno hilo la chuki unatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonewa sana. Basi nimekaa nikuandikie, na barua nimeiacha wazi, asome anayetaka. Nusu ya hayo unayoyasema ni kweli, na sipendi uyasimulie vibaya.

Nianze na mazuri, maana yalikuwepo, na nisipoyataja utasema nimeyaficha.

Unakumbuka soko la mahindi? Mimi nilikuwa na mama yangu, tunanunua gunia mbili tatu kwa wakulima na kuwauzia wenye malori. Wewe ulikuwa mpakiaji. Wenzako walibeba wakiwa wameinama, macho yao chini, wewe ulikuwa unalidaka gunia begani na kutembea wima kama umebeba mto wa kulalia. Mama alikutazama siku moja akasema, "Huyo kijana anabeba mzigo huku anaangalia nani anamwangalia." Nilicheka. Nilidhani anakusifia.

Mimi ni mashoto, unajua. Nyumbani kwetu nilichapwa sana kwa ajili ya mkono huu. Shangazi alikuwa akinipokonya kijiko, mwalimu wa darasa la pili alikuwa akinipiga rula kwenye vidole. Wewe uliponiona nainua debe la mahindi kwa kushoto hukushangaa wala hukunicheka. Ulilishika bega langu, ukalibonyeza kwa kidole gumba, ukasema, "Binti, huu mkono ni mali. Anayekukataza kuutumia hajui anachokikataza." Elia, hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nilirudi nyumbani siku ile nikala mlenda kwa mkono wa kushoto mbele ya shangazi, nikamkazia macho. Nilikupenda kuanzia hapo. Siyo kwa sababu ya mwili wako, watu wanavyodhani. Ni kwa sababu uliupenda mkono ambao wengine wote waliuona kosa.

Tukaoana, tukahamia Dodoma mjini, Majengo, kile chumba cha nyuma ya maduka ya nafaka. Tukafungua jimu bila vyuma. Tulijaza zege kwenye makopo ya rangi, tukayaunganisha mawili mawili kwa vipande vya bomba. Zege nilikoroga mimi. Namba za uzito nikaziandika mimi kwa rangi nyeupe, nikakosea ile sita ikaonekana kama tisa, na kwa wiki nzima wateja wakawa wanajisifu wamenyanyua tisa. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Asubuhi kabla hawajaja ulikuwa unanilaza kwenye benchi, unakaa kichwani pangu, unanihesabia kwa Kigogo cha bibi yako, na mimi nasukuma kopo juu nikiona dari ya bati na kidevu chako. Kama ungeniuliza wakati huo nataka nini duniani, ningekuambia hicho hicho nilichokuwa nacho.

Sijui lini uliacha kuniangalia mimi na kuanza kuwaangalia wao.

Labda ni pale vilipokuja vyuma vya kweli, dambeli zenye mng'aro, na kioo kirefu ukutani. Labda ni pale walipoanza kuja watu wa ofisini, wale waliohamia Dodoma na wizara zao, wenye raba nyeupe na taulo shingoni. Ukagundua kwamba ukinisimamisha mbele yao nikanyanyua kitu kizito, wanaume wanashtuka na kujiandikisha. Nikawa tangazo lako. Sikukataa, hilo ni kosa langu nalikubali. Nilidhani ni fahari yetu wawili.

Alhamisi moja nilikuambia, "Elia, bega la kushoto linaniuma. Nikililalia naamka."

Ukajibu huku unafuta kioo, "Limepoa tu hilo. Ukilipasha moto litaachia."

Ijumaa nikakuambia tena. Ukasema maumivu ni uoga uliovaa nguo nyingine. Ulikuwa na maneno mazuri siku hizo, sijui ulikuwa unayatoa wapi.

Jumamosi asubuhi walikuja wateja sita. Ukawapanga mbele ya benchi. "Wakubwa, huyu mnayemwona ni mke wangu. Anasukuma kilo ishirini na mbili kwa mkono mmoja. Sasa nyinyi wanaume mtaniambia nini?" Nilikuwa sijawahi kuvuka kumi na sita, na wewe ulijua. Ulipoinama kunikabidhi kile chuma ukaninong'oneza sikioni, "Usiniaibishe."

Mara ya kwanza kilipanda. Mara ya pili kilipanda kimepinda, mguu wa kulia ukanyanyuka sakafuni. Nilikutafuta kwa macho, nikaona kisogo chako. Ulikuwa umewageukia wao, unatabasamu. Mara ya tatu kiwiko kikakimbilia nje usawa wa sikio, mwili ukazunguka, na ndani ya bega kitu kikachanika. Nilikisikia, Elia. Ilikuwa sauti ya kanga mpya inapochanwa katikati. Chuma kikaanguka, kigae cha sakafu kikapasuka, nami nikabaki nimening'inia nusu kwenye benchi.

Na wewe ukasema nini? Wote sita walisikia. "Nilimwambia akaze tumbo. Wanawake bwana, hawasikii."

Wawili wakacheka kidogo, kwa adabu.

Aliyenichukua ni Bi Asha, yule muuza karanga wa mlango wa pili. Alivua kanga yake ya begani akanifunga nayo mkono, akasimamisha bajaji. Nilimsikia anakuuliza, "Na wewe mume huji?" Nikasikia na jibu lako. "Nina wateja, mama. Nitafuata." Ulifuata saa kumi na moja jioni, umenyoa ndevu.

Daktari alisema kano za bega zimechanika, na kwamba hazikuchanika siku moja, zilikuwa zimeanza zamani. Nilikaa miezi na mkono kwenye kombeo. Sitakusimulia maumivu, ulikuwepo. Nitakukumbusha vitu vidogo ambavyo huenda hukuviona. Nilishindwa kujifunga kanga. Nilishindwa kusuka nywele zangu, nikazinyoa. Kusonga ugali nilikuwa nashikilia sufuria kwa magoti huku nakoroga kwa mkono wa kulia ambao haukujua kazi, na wewe ukikuta mabuje unasukuma sahani. Siku ambayo mama alitoka Kibaigwa kuja kuniona, ukaketi mbele yake, miguu umeikunja kwa heshima, ukamwambia, "Shikamoo mama. Mama, mimi ni mwalimu wa mazoezi. Mke wangu hawezi hata kufunga nguo. Watu wakimwona wananielewaje?"

Mama alikusikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Marahaba." Basi. Salamu yako aliipokea, swali lako akaliacha hapo sakafuni.

Wiki mbili baadaye ulipakia vyuma kwenye pikapu ukaenda Singida. Mimi hukunipakia.

Sasa sikiliza sehemu usiyoijua.

Kwenye kliniki ya viungo kulikuwa na mtaalamu mmoja, Mama Zainabu, mtu wa Chemba, mfupi, mwenye viatu vya raba na miwani iliyofungwa kwa uzi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila akikasirika alirudi kwenye Kisandawe chake, ulimi unagonga mdomoni kama mtu anayevunja kokwa, na hapo ulijua umekosea bila kuhitaji tafsiri. Siku ya kwanza aliniuliza nataka nini. Wagonjwa wengine huwa wanasema wanataka kulala bila maumivu, wanataka kubeba mtoto. Mimi nilimwambia, "Mama, nataka kusukuma chuma kwa mkono huu huu."

"Kwa nini?"

"Kuna mtu nataka anione."

Alinitazama juu ya miwani. Nilidhani atanipa mawaidha. Akasema, "Hasira inafaa, mwanangu. Ila hasira haina subira, na bega linataka subira. Utaweza kuwa na vyote viwili?"

Niliweza. Elia, niliweza kuliko ulivyowahi kudhani. Miezi mitatu nilikuwa nalala chali kwenye kile kitanda chake, nasukuma mkono mtupu kuelekea dari. Mkono mtupu! Baadaye akanipa chupa ndogo ya maji, tena nusu. Ukifika mwisho anasema shusha, nikishusha haraka ulimi unagonga, narudia. Kila nilipochoka nilikuwa najiambia maneno yako ya siku ile, yale uliyowaambia wale sita, nayarudia kimoyomoyo kwa sauti yako, mpaka mkono unapanda. Watu husema wamepona kwa sala. Mimi nilisali pia, sitaki kumkana Mungu, lakini sehemu kubwa ya kupona kwangu ulikuwa wewe, nikikuona umelala mahali fulani huna msaada.

Na kwa kuwa umewahi kujiita mwalimu, acha nikufundishe kile alichonifundisha yeye. Soma polepole.

Unalala chali, kichwa, mabega na makalio vyote vimegusa benchi. Miguu inakanyaga sakafu, nyayo nzima, imeachana kidogo, kwa sababu ukibeba uzito upande mmoja mwili unataka kuanguka upande huo, na miguu ndiyo inayokataa. Kabla hujanyanyua chochote unavuta mabega nyuma na chini, kana kwamba unataka kuyatia kwenye mifuko ya nyuma ya suruali, na unayaacha hapo hapo mpaka mwisho. Dambeli inakaa juu ya kifua. Haikai juu ya uso wala usawa wa shingo. Kifundo cha mkono kimenyooka, hakikunjiki kwa nyuma. Kiwiko hakiendi nje kabisa kama bawa wala hakigandi ubavuni, kinakaa katikati ya hayo mawili. Mkono usio na kitu unauweka juu ya tumbo, ulisikie tumbo limekaza. Unashusha kwa kuhesabu tatu, pole, mpaka sehemu ya juu ya mkono ifike usawa wa benchi, chini ya hapo huna unachokitafuta. Unasukuma huku unatoa pumzi. Kiuno hakizunguki, makalio hayanyanyuki. Unaanza na mkono ulio dhaifu, na ule wenye nguvu unafanya idadi ile ile, hauzidishi hata mara moja, hata kama unaweza. Na bega likiuma unaacha. Siku hiyo unaacha. Huongezi uzito ili uone kama litaachia.

Hayo ndiyo yote. Yanaingia kwenye ukurasa mmoja. Ungeyajua, ningekuwa bado mkeo, na huenda ningekuwa sijakujua maisha yangu yote. Sijui kama nikushukuru kwa hilo.

Miaka miwili baada ya wewe kuondoka nikaanza kufundisha kwenye jimu moja Ipagala. Mwenyewe ni Mzee Lameki, mstaafu, mtu wa maneno machache. Nilianza na wanawake wanne wa sokoni wenye mabega yaliyochoka kwa kubeba mizigo. Wakaleta wenzao. Siku hizi kila Jumatano jioni ukumbi hautoshi, wengine wanafanyia uani. Mimi ndiye mwalimu mkuu pale. Nakuandikia hivyo ili uumie.

Ndipo ukarudi.

Mzee Lameki alikuwa anatafuta mwalimu wa pili. Nikaona jina lako kwenye karatasi za waombaji. Nilikuwa na siku tano za kumwambia mzee, "Huyu simtaki," na angekukata bila kuuliza. Sikumwambia. Hapo ndipo wewe ni mkweli, Elia. Ule mtego ulikuwepo. Ila nataka watu wajue ulikuwa umetengenezwa na nini, kwa sababu hakuna chochote ndani yake ambacho hukukileta mwenyewe.

Niliomba kila mwombaji afanye jambo moja tu, mbele ya wanafunzi na mbele ya mzee: aonyeshe kusukuma dambeli kwa mkono mmoja, akimweleza mtu ambaye hajawahi kuishika. Wawili waliokutangulia walichukua vyuma vidogo wakaeleza vizuri. Halafu ukaingia. Ulikuwa umenenepa shingoni. Uliponiona ulishtuka, ukajikusanya haraka, ukafungua mikono.

"Yuni! Kumbe upo hapa?" Kisha ukamgeukia Mzee Lameki na tabasamu lile lile. "Mzee, huyu mimi ndiye niliyemfundisha."

Nilihisi damu imepanda mpaka machoni. Lakini sauti yangu ilitoka tulivu, mwenyewe niliishangaa. "Ni kweli mzee. Huyu ndiye mwalimu wangu wa kwanza. Muache aonyeshe."

Nikakupa ya kilo nane. Ukaicheka, ukawaangalia wanawake wale kana kwamba mnacheka pamoja. "Hii ni ya kupigia pasi nguo."

"Anza nayo," nikasema. "Hujapasha mwili."

"Nipe thelathini."

"Elia, anza na ndogo."

"Nipe thelathini, mwalimu," ukasema, hilo neno mwalimu ukalivuta kwa dhihaka.

"Nakuambia mara ya tatu, mbele ya watu. Anza na ndogo."

Ukaenda mwenyewe kwenye rafu ukaichukua. Nilijua utaenda. Niliishi na wewe miaka sita, nilijua kwamba nikikukataza mbele ya watu huwezi kutii hata kama nyumba inaungua. Nikasimama kichwani pa benchi, mahali anaposimama msaidizi. Ukalala. Mabega hukuyavuta nyuma. Miguu uliiacha imening'inia kwenye ncha za vidole. Hukumweleza mtu chochote.

Ya kwanza ilipanda. Ya pili ilipanda imepinda. Ya tatu ilifika nusu ikasimama, mkono ukaanza kutetemeka, kiwiko kikatoka nje, na ile thelathini ikaanza kurudi chini, polepole, kuelekea usoni pako.

"Shika," ukasema.

Mikono yangu ilikuwa nusu shubiri kutoka kwenye kifundo chako. Sikushika.

"Yuni, shika!"

Haya, hapa ndipo unapowaambia watu kwamba nilikusubirisha makusudi. Ndiyo. Nilikusubirisha makusudi. Mzee Lameki ameniuliza, nikamjibu hivyo hivyo. Nilisubiri mpaka macho yako yakapanda yakanikuta, na safari hii hukukuta kisogo. Ulinikuta nakuangalia. Nilitaka uone kwamba nakuangalia, kwamba naona kila kitu, na kwamba uamuzi ni wangu. Haikuzidi pumzi mbili. Niliona jasho linaingia kwenye jicho lako na huwezi kupepesa. Nilijua kinachofuata ndani ya bega, najua hata sauti yake. Moyo wangu ulisema acha. Nakuandikia kweli tupu, moyo ulisema acha kabisa, kianguke, na leo hii bado sijaulaumu moyo.

Halafu nikashika. Nikakishika kifundo chako kwa mkono wa kushoto, huu huu, nikakipandisha mpaka juu, nikakunyang'anya chuma nikakiweka chini bila kishindo.

Usijidanganye kwamba ilikuwa huruma. Wanafunzi wangu walidhani ni huruma, na mama aliposikia akasema Mungu atanilipa. Nilishika kwa sababu nilitaka bega lako libaki zima na ujue ni zima kwa ajili ya nani. Nilitaka kila unapojifunga mkanda, kila unapochana nywele, kila unapompungia mtu mkono barabarani, ukumbuke kwamba unafanya hivyo kwa sababu mimi niliamua. Bega lililovunjika ungelizoea. Hili hutalizoea.

Ukakaa kwenye benchi unahema. Nikamgeukia Mzee Lameki. "Mzee, huyu hafai kumfundisha mtu. Ataumiza watu." Hukusikia jibu lake, ulikuwa umeshatoka umeacha begi, mwanafunzi mmoja akakukimbilia nalo getini.

Nilifurahi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba kisasi kikishalipwa kinamwacha mtu mtupu, nikasubiri huo utupu wiki nzima. Haukuja. Nilikula vizuri, nikalala vizuri, bega halikuuma. Nilikuwa nimeamua iishie hapo. Hii barua nisingeiandika, ungeendelea kunisema Singida mpaka uchoke.

Lakini juzi Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa nafuta mabenchi, akaingia binti mwenye begi moja, vumbi la safari kwenye viatu. Mkono wa kulia ameubana kifuani, ameushikilia kwa wa kushoto. Nikajua kabla hajafungua mdomo. Hakuna anayeshika mkono hivyo ila mtu wa bega.

"Shikamoo dada. Wewe ndiye Yunisi?"

"Marahaba. Ndiye."

"Mimi ni mke wa Elia." Akaubana ule mkono zaidi. "Anakusema kila siku. Akiwa na wageni anakusema, akiwa peke yake anakusema. Nikaona mtu anayesemwa hivyo lazima kuna kitu anakijua."

Nikamkalisha. Akaniambia unavyomrekodi kwa simu akinyanyua vyuma ili upate wateja, akaniambia jinsi alivyokueleza kwamba linauma, na ulivyomjibu. Sina haja ya kukuandikia jibu lako. Nililimalizia mimi kabla yeye hajalimaliza, tukatazamana, na yule binti akaanza kulia. Nilimwacha alie. Nilikuwa nimedhani nikikutana na mwanamke uliyemchukua baada yangu nitamchukia. Nilichokiona kwake ni umri. Ana umri niliokuwa nao wakati tunakoroga zege.

Hapo ndipo nilipojua kwamba siku ile kwenye benchi nilikusamehe kitu, bila kukusudia. Nilikuacha uende na bega lako zima, nikafikiri mambo yetu yamekwisha, kumbe ulikuwa unarudi nyumbani kwa mtu. Sijilaumu. Ila sitakuacha uende tena hivyo.

Jana nimempeleka kwa Mama Zainabu. Kano hazijachanika. Zimevimba, zimeshtuka, zitapona akipumzika na akifundishwa vizuri, na atafundishwa vizuri. Mama Zainabu alipomaliza kumpima alisema neno moja la kwao. Sikuomba tafsiri.

Kwa hiyo usiendelee kumpigia. Simu yake ninayo mimi, na ujumbe wako wote nimeusoma, ule wa kubembeleza na ule uliofuata. Harudi Singida. Hilo amelisema mwenyewe, mara mbili, kwa sauti ya kutosha, mimi sikumwekea neno mdomoni. Nguo zake zilizobaki huko kaka yake atakuja kuzichukua, umpe bila maneno.

Yuko salama, anakula, analala. Nyumba gani sikuambii. Ukiona ni lazima umtafute, njoo jimu, njia unaijua. Ila njoo Jumatano saa kumi jioni, wanawake wa sokoni wakiwepo wote. Nimeshawaonyesha picha yako.

Sina salamu zaidi.

Niliyekuwa mkeo,
Yunisi